Nakuona, Nione: Watu wa Vyuo Walivyoonana kwa Intaneti Kabla ya Zoom

Hebu nianze na kisa changu kidogo, msomaji, halafu ndipo twende kwenye historia.

Nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili tulikuwa na semina kila Ijumaa jioni kwa njia ya video. Ijumaa moja nilikuwa kijijini kumuuguza mama. Kule kwetu mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, pale barabarani kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Nikakaa kwenye benchi lake, nikaingia semina kwa simu, kamera nikaizima. Sababu unaijua: bando lenyewe la kuungaunga, na nikifungua kamera tu sauti inaanza kukatakata. Nikasikiliza saa nzima na nusu. Nikaandika notisi. Hata swali niliuliza, kwa kuandika.

Jumatatu orodha ya mahudhurio ikatoka. Mbele ya jina langu: HAKUHUDHURIA. Nikamfuata aliyekuwa anasimamia orodha, nikamwambia kwa heshima zote, "Dokta, mimi nilikuwepo, na swali niliuliza." Akanijibu, "Hatukukuona." Utaratibu ulikuwa kwamba kamera iliyozimwa ni sawa na kiti kitupu.

Sikubishana naye. Lakini lile neno "hatukukuona" lilinikaa kichwani. Nikaanza kujiuliza: hivi wale wa mwanzo kabisa, waliotuletea mikutano ya video kwenye intaneti, walifikiri nini juu ya mtu mwenye laini nyembamba na asiye na kamera? Nilipoanza kusoma nikakuta jibu ambalo sikulitegemea. Walimfikiria tangu siku ya kwanza, kwa sababu wakati ule karibu kila mtu alikuwa na laini nyembamba na hana kamera.

Simu yenye kioo iliyokosa wateja

Wazo la kuongea na mtu huku unamwona ni la zamani kuliko intaneti yenyewe. Mwaka 1964, kwenye maonyesho makubwa ya dunia jijini New York, kampuni ya simu ya AT&T ilionyesha kifaa ilichokiita Picturephone. Ni simu ya mezani yenye kioo kidogo na kamera. Watu walipanga foleni kujaribu. Mwaka 1970 kampuni ikaanza kuiuza kama huduma katika mji wa Pittsburgh, kwa dola 160 kwa mwezi. Hiyo ilikuwa fedha nyingi sana enzi hizo, na wateja walikuwa wachache mno. Mradi ukafa.

Bei ilichangia, lakini kulikuwa na tatizo jingine. Simu ya picha ina faida pale tu unapokuwa na mtu wa kumpigia ambaye naye anayo. Mteja wa kwanza anampigia nani? Tena AT&T walitaka picha nzuri, laini, isiyokatika, na kwa hiyo ilibidi wajenge njia maalumu ya kuibeba. Ukitaka uzuri kwanza, unalipia uzuri huo kabla hata hujapata wa kuongea naye.

Kumbuka jambo hilo, maana watu wa vyuo walikuja kulitatua kwa kuligeuza juu chini. Wao walianza na njia iliyokuwepo tayari, mbovu hivyohivyo, wakajiuliza: kwa njia hii hii tuliyonayo, ni picha gani inaweza kupita?

Birika la Cambridge

Mfano wa kwanza unachekesha kidogo. Mwaka 1991, pale Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti walikuwa wanatumia mashine moja ya kahawa iliyokaa katika chumba kilichoitwa Trojan Room. Wengine walikaa ghorofa nyingine kabisa. Mtu anashuka ngazi zote hizo na kikombe mkononi, anafika, birika tupu.

Wakaelekeza kamera kwenye birika. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaandika programu ya kuisambaza ile picha kwenye mtandao wa ndani wa jengo. Picha ilikuwa ndogo, ya kijivu, na ilibadilika kama mara 3 tu kwa dakika. Ukiitazama kwa macho ya leo utasema takataka. Lakini hebu jiulize picha ile ilikuwa na kazi gani. Ilikuwa inajibu swali moja: kahawa ipo au haipo? Kwa swali hilo, picha 3 kwa dakika zinatosha na kubaki, kwa sababu birika halijai wala kuisha kwa sekunde moja. Mwaka 1993 picha hiyo iliwekwa kwenye wavuti, dunia nzima ikawa inachungulia birika la watu, mpaka kamera ilipozimwa mwaka 2001.

Somo la birika ni hili: kabla ya kuuliza picha iwe nzuri kiasi gani, uliza kwanza picha inatakiwa kujibu swali gani.

Tupige hesabu kidogo

Usikimbie, ni hesabu ya darasa la saba. Chukua picha ya rangi yenye pikseli 640 kwa 480, ambayo zamani zile ilikuwa ukubwa wa kioo kizima cha kompyuta nyingi. Hizo ni pikseli 307,200. Kila pikseli ya rangi tuipe biti 24. Ili mtu aonekane anatembea vizuri unahitaji picha kama 30 kwa sekunde. Zidisha vyote: unapata biti zaidi ya milioni 221 kila sekunde.

Sasa mtu wa nyumbani mwaka 1992 alikuwa anaingia mtandaoni kwa modemu, kile kiboksi kinacholia kama kina mafua, kupitia waya wa simu. Modemu nzuri ya wakati huo ilipitisha biti 14,400 kwa sekunde. Milioni 221 kupita kwenye tundu la elfu 14! Ni sawa na kumwaga bwawa la Mtera kupitia mrija wa soda.

Vyuoni hali ilikuwa nafuu, maana vilikuwa vimeunganishwa kwa laini za kudumu. Ila laini hizo zilikuwa za chuo kizima. Laini ya kawaida ya kukodi huko Marekani ilipitisha biti milioni 1.5 kwa sekunde, na juu yake kulikuwa na barua pepe za maprofesa, mafaili ya utafiti na kila kitu. Mtu mmoja akiijaza kwa sura yake, wengine wote wanasubiri.

Ithaca, 1992

Hapa ndipo anaingia Tim Dorcey, mtaalamu wa kompyuta katika idara ya teknolojia ya habari ya Chuo Kikuu cha Cornell, kwenye mji mdogo wa Ithaca, jimbo la New York. Mwaka 1992 aliandika programu ya kompyuta za Macintosh iliyoitwa CU-SeeMe. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. CU ni kifupi cha chuo chao, na ukiyatamka kwa Kiingereza yote kwa pamoja unasikia kama "nakuona, nione". Programu ilitolewa bure. Yeyote mwenye Macintosh na intaneti angeweza kuichukua.

Hebu tuangalie waliibana vipi picha, maana uhondo uko hapa.

Hatua ya kwanza: wakapunguza kioo. Picha ikawa pikseli 160 kwa 120 tu, ukubwa wa stempu kubwa ya posta. Hizo ni pikseli 19,200.

Hatua ya pili: wakatupa rangi. Wakabaki na ngazi 16 kati ya nyeusi na nyeupe, ambazo zinahitaji biti 4 tu kwa kila pikseli. Picha nzima sasa ni biti 76,800. Kwa modemu ile ya 14,400, picha moja ingechukua zaidi ya sekunde 5. Bado ni mateso, lakini angalau sasa tunaongea lugha moja na modemu.

Hatua ya tatu ndiyo ya werevu zaidi. Waligawanya picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8. Ukigawanya 160 kwa 8 unapata 20, ukigawanya 120 kwa 8 unapata 15, kwa hiyo picha nzima ni miraba 300. Kisha programu ikawa inalinganisha kila mraba na ulivyokuwa mara ya mwisho. Mraba uliobadilika vya kutosha unatumwa. Ambao haujabadilika unabaki ulivyo.

Fikiria mtu anayeongea mbele ya kamera. Ukuta nyuma yake haukimbii. Kabati la vitabu halitikisiki. Kinachosogea ni mdomo, macho, pengine na mkono. Tuseme imebadilika miraba 30 kati ya 300. Mraba mmoja una pikseli 64 za biti 4, yaani biti 256. Mara 30 ni biti 7,680. Kwa modemu ile ni kama nusu sekunde. Na hapo hatujahesabu kubanwa kwingine ambako programu ilikuwa inafanya ndani ya kila mraba. Ghafla jambo lisilowezekana limewezekana, vibaya vibaya, lakini limewezekana.

Kuna mtego mmoja. Intaneti husafirisha data kwa vifurushi vidogo tunavyoviita pakiti, na pakiti nyingine hupotea njiani. Ikipotea pakiti yenye mraba wa pua yako, mwenzako atabaki na pua ya zamani kwenye uso mpya. Wangeweza kuamua kwamba kila kilichopotea kitumwe tena, lakini hadi pua ifike, uso umeshahama. Basi wakaamua kuendelea mbele bila kurudi nyuma, ila kila mraba hutumwa upya baada ya muda hata kama haujabadilika. Makosa yanajisafisha yenyewe taratibu. Ndiyo maana waliotumia CU-SeeMe wanakumbuka nyuso zenye viraka, mfano wa kanga iliyotiwa viraka vya kanga nyingine.

Picha imefika, sauti iko wapi?

Jambo lililonishangaza ni kwamba CU-SeeMe ya kwanza haikuwa na sauti. Ilikuja kupata sauti mwaka 1994, kwa kutumia programu iitwayo Maven iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaonana kama mabubu, na wanaandikiana maneno juu ya picha, au wanapiga simu ya kawaida pembeni.

Kwa nini picha itangulie wakati sauti inaonekana rahisi? Sauti ya simu isiyobanwa inahitaji sampuli 8,000 kila sekunde, kila moja biti 8. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya modemu ile. Na picha ni mvumilivu kuliko sauti. Picha ikisimama sekunde moja, utamwona mwenzako kaganda, kisha ataendelea. Sauti ikisimama sekunde moja, neno limepotea, na pengine lilikuwa neno "si". "Si kweli" na "kweli" ni mambo mawili tofauti.

Ukiweza kuchagua kimoja tu wakati mtandao unasuasua, okoa sauti. Mikutano ya leo inafanya hivyohivyo, na ndicho nilichokuwa nafanya mimi kwenye benchi la fundi baiskeli.

Wanafunzi wengine, njia nyingine

Cornell hawakuwa peke yao. Mnamo Machi 1992, mkutano wa wahandisi wa intaneti uliofanyika San Diego ulirushwa kwa sauti hadi vituo 20 katika mabara 3. Kutokana na majaribio hayo ulikua mtandao wa majaribio ulioitwa MBone, na waliotengeneza zana zake kadhaa walikuwa wanafunzi wa uzamivu. Kule Ufaransa, Thierry Turletti akiwa taasisi ya INRIA alitengeneza programu ya mikutano ya video iitwayo IVS. Kule California, Steven McCanne wa Berkeley, akishirikiana na Van Jacobson, alitengeneza nyingine iitwayo vic.

McCanne na wenzake walikuja na wazo ambalo nalipenda sana, walilolichapisha mwaka 1996. Badala ya kutuma picha moja kwa wote, tuma picha kwa tabaka. Tabaka la chini ni picha hafifu lakini inayoeleweka. Tabaka la juu yake linaongeza ubora, na la juu zaidi linaongeza tena. Mwenye laini nene anachukua tabaka zote. Mwenye laini nyembamba anachukua la chini tu, na bado yumo. Hakuna anayelazimika kuondoka kwa sababu jirani ana mtandao wa kasi.

Tofauti ni kwamba MBone ilihitaji kompyuta za bei mbaya za maabara na fundi wa mtandao aliye tayari kuiunganisha. CU-SeeMe ilikwenda kwa Macintosh iliyokuwa tayari mezani na intaneti ya kawaida. Ndiyo maana ilifika haraka kwa watu wasio wahandisi.

Kiakisi, na viti vya wasio na kamera

Mpaka sasa tumeongelea watu wawili. Wakiwa wengi? Tuseme mko 8. Kila mmoja akimtumia kila mwenzake picha yake, zinakuwa mara 7 kwa kila mtu, jumla njia 56. Laini ya nyumbani inakufa palepale.

Cornell wakatengeneza programu ya pili ya kukaa kwenye seva, wakaipa jina lenye maana ya kiakisi, kile kitu kinachorudisha mwanga. Kazi yake ni nyepesi. Wewe unatuma picha yako mara moja tu kwenye kiakisi. Kiakisi kinaigawa kwa wengine. Seva nyingi za mikutano ya video leo bado zinafanya kazi kwa mtindo wa namna hii: zinapokea mara moja na kusambaza.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu. Kupokea kwa CU-SeeMe hakukuhitaji kamera. Kutuma ndiko kulikohitaji kamera ya video na kadi maalumu ya kuiunganisha na kompyuta, vitu ambavyo wengi hawakuwa navyo. Kwa hiyo watengenezaji walijua kwamba chumbani watakuwemo watu wanaoona wasioonekana. Hawakuwafungia mlango. Waliwawekea nafasi kwenye orodha ya washiriki, na majina yao yalisomeka: fulani yupo, anatazama.

Ni kitu kidogo tu, mistari michache ya programu. Lakini maana yake ni kubwa. Ndani ya programu iliyotengenezwa ili watu waonane, kuwepo na kuonekana vilihesabiwa kama vitu viwili.

Darasa la Aprili 1993

CU-SeeMe ilitambulishwa rasmi kwa umma tarehe 26 Aprili 1993 kupitia mradi wa elimu uliofadhiliwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Mradi uliitwa Global Schoolhouse, tuseme Nyumba ya Shule ya Dunia. Uliunganisha wanafunzi wa shule za California, Tennessee na Virginia, na wengine wa London. Wengi wao walikuwa wa umri wa darasa la tano mpaka kidato cha pili hivi. Walikuwa wamechunguza mambo ya mazingira katika maeneo yao, kisha wakaoneshana walichokipata.

Hebu jiweke mahali pa mtoto yule. Mbele yako kuna kidirisha cha kijivu ukubwa wa stempu, na ndani yake mtoto mwingine wa ng'ambo ya bahari ananyoosha karatasi yenye mchoro. Programu yenyewe haina sauti. Mkono unasogea kwa kurukaruka. Ila ukipunga, na yeye anapunga. Huo ndio ushahidi kwamba haya si mambo ya televisheni. Televisheni hata uipungie mpaka kesho haikujibu.

Matatizo hayakukosekana

Nisikudanganye kwamba ilikuwa peponi. Viakisi vingi vilikuwa wazi kwa yeyote mwenye anwani. Chuo kimefungua cha kwake kwa majaribio, mtu usiyemjua kutoka bara jingine anaingia. Mara nyingi ilikuwa raha, watu wanasalimiana na wasiojuana. Mara nyingine anaingia mtu anavua nguo. Wasimamizi walilazimika kujifunza kazi ya ulinzi: kuweka namba ya siri, kupunguza idadi ya watu, kufukuza. Yale ya wavamizi wa mikutano tuliyoyaona mwaka 2020 yalikuwa na babu zake.

Tatizo la pili lilikuwa njia yenyewe. Chukua ile laini ya biti milioni 1.5. Watu 20 wakituma biti 80,000 kila mmoja kwa sekunde, wameshaijaza na kupitiliza. CU-SeeMe iliruhusu mtumiaji aweke kikomo cha kasi yake, na ilijitahidi kupunguza mwendo pale pakiti zilipoanza kupotea. Hata hivyo, wasimamizi wa mitandao walikuwa na sababu ya kuitazama kwa jicho la wasiwasi. Kutuma sura yako ilikuwa ni kula sehemu ya chakula cha wote, na mwenye busara alijipimia.

Kamera nazo zikashuka bei. Mwaka 1994 kampuni ya Connectix ilitoa QuickCam, kamera ya mviringo mfano wa jicho, kama dola 100 hivi, unaichomeka tu kwenye Macintosh bila kadi ya ziada. Picha yake ilikuwa ya kijivu, kama CU-SeeMe ilivyotaka. Baadaye haki za kuuza CU-SeeMe kibiashara zikaenda kwa kampuni ya White Pine, rangi zikaja, na taratibu programu nyingine zikaifunika. Leo wengi hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Na huku kwetu?

Wakati wale watoto wanapungiana mwaka 1993, Afrika Mashariki intaneti ya kudumu ilikuwa bado. Mwaka 1997 kulianza mradi wa Chuo Kikuu cha Mtandaoni cha Afrika, ulioanzishwa na Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi kilikuwa mmoja wa washiriki. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti. Picha ilikuja upande mmoja: mwanafunzi wa Nairobi alimwona mhadhiri, mhadhiri hakumwona mwanafunzi. Ukiwa na swali, unalipeleka kwa sauti ya simu au kwa maandishi.

Hata intaneti yetu ilipokuja, kwa miaka mingi njia kuu ya kutoka nje ilikuwa setilaiti. Setilaiti za namna ile hukaa kama kilomita 36,000 juu. Ishara ipande na kushuka ni kilomita 72,000, na kwa mwendo wa mwanga wa kilomita 300,000 kwa sekunde ni kama robo sekunde. Swali likienda na jibu likirudi ni karibu nusu sekunde, hata kama fedha ya kununua kasi unayo. Ndiyo ile hali ya kuongea wote kwa pamoja kisha kunyamaza wote kwa pamoja. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa, ukiwa umetua Dar es Salaam na Mombasa, umbali huo ulipungua sana. Bila ile mikongo, mwaka 2020 tungeona shida kubwa zaidi ya tuliyoiona.

Lakini mkongo unaishia ufukweni. Kutoka pale mpaka kwenye kibanda cha fundi baiskeli kuna minara, kuna umeme unaokatika, na kuna bei ya bando. Kwa hiyo katika nchi moja, katika semina moja, yuko mtu wa 2020 na yuko mtu wa 1992. Teknolojia haijatuhamisha wote kwa siku moja.

Hatukukuona

Turudi kwenye mahudhurio yangu. Alama ile haikurudi, na muhula uliisha. Simlaumu sana yule dokta. Alikuwa na swali la haki: nitajuaje kwamba upo, hujaacha simu mezani ukaenda kulala? Ni swali kama la birika la Cambridge, yupo au hayupo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba swali hilo linajibiwa na video ya rangi inayotembea saa nzima na nusu, tena kwa gharama ya mwanafunzi.

Sasa hivi mimi mwenyewe nasaidia kuendesha vikundi vya wanafunzi wa shahada ya kwanza, vingine kwa mtandao. Nimeweka utaratibu wangu. Mwanzoni anayeweza anafungua kamera sekunde chache tusalimiane, kisha afunge akitaka. Katikati nauliza swali moja fupi, kila mtu anajibu kwa mstari mmoja wa maandishi. Jibu la mstari mmoja lina biti elfu kadhaa tu, chini ya picha moja ya CU-SeeMe. Na linaniambia mengi kuliko uso, kwa sababu uso unaweza kuwa macho wazi huku akili iko Kariakoo.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika jibu lake, halafu chini akaongeza: "Samahani mwalimu, niko shambani, kamera haiwezekani." Nikamjibu kwamba haina shida, jina lake nimeshaliandika. Yupo.